Fonisti na Kaseti ya Mawimbi

Ukiuliza watu wa mtaa wa Songo watakuambia fonisti alikuwa mtu mwema. Watasema miaka ile, barabara zimefungwa na simu za mkononi bado hazijafika Uvira, bila yeye tungekaa kama watu waliofunikwa ndani ya chungu. Waache waseme. Mimi pia nilisema hivyo zamani, nilimsifu mpaka sokoni mbele ya watu wasiomjua. Leo nasema yangu, na sitayasema polepole, maana mambo ya polepole ndiyo yaliyoniumiza.

Alizaliwa wapi, ukoo wake ni upi, sina haja. Aliongea Kifuliiru na watu wa milimani, Kirundi na watu wa bondeni, Kifaransa na wakubwa wa jeshi, na kila mmoja aliondoka akidhani ni mtu wa kwao. Mimi nilimjua kazini. Alikaa ndani ya kibanda cha mbao, juu kidogo ya barabara, mbele ya foni. Foni ni ile redio ya kuongea na watu wa mbali, yenye waya mrefu uliopanda mpaka kwenye mkaratusi, inayokula batri ya gari. Kupitia hiyo alipeleka maneno ya watu Bukavu, Baraka, Kalemie, na vijijini bondeni ambako kulikuwa na foni nyingine kwenye vituo vya afya. Sisi tulikaa nje kwenye benchi tukingoja kuitwa. Nilikuwa nauza ndagala, dagaa wa ziwa letu, na benchi lile nililijua kuliko kiti cha nyumbani kwangu.

Masikio yake, lazima niseme ukweli, yalikuwa ya ajabu. Foni ikianza kulia kama samaki kwenye mafuta ya moto, sisi wote tulisikia kelele tu. Yeye alifumba jicho la kushoto, akainua kidole tunyamaze, halafu akasema ni Baraka, ni mwanamke, na mwanamke huyo analia. Ikawa kweli. Kabla ya kubonyeza kidude cha kuongea alivua kofia, hata kama mtu wa upande wa pili anaulizia gunia la chumvi. Nilimuuliza sababu. Alinijibu kwamba huwezi kujua sauti yako inaingia nyumba gani, na pale imekuta nini. Hiyo ilinipendeza, na mpaka leo inanipendeza, ingawa yeye mwenyewe amenichosha.

Neno lake la kila siku lilikuwa "sema fupi, batri iko nakufa." Alikwambia hivyo hata kama batri imetoka kwenye chaji asubuhi ile. Ukianza kusalimia shangazi, na watoto wa shangazi, na mbuzi wa shangazi, alikukata, akauliza unataka nini, sema, toka. Lakini yeye na fonisti mwenzake wa Kalemie waliweza kuongea mvua na mpira mpaka benchi zima linaguna. Hapo batri haikufa.

Na matusi yake! Mimi aliniita mama wa harufu. Alisema foni yake imeanza kukohoa tangu nianze kukaa karibu na dirisha. Mzee mmoja mwenye heshima zake aliambiwa arudi nyumbani akajifunze kwanza jina kamili la mtoto wake, halafu aje kumtafuta. Mgeni angeshangaa kwa nini tulimvumilia. Tulimvumilia kwa sababu hasira yake ndiyo ilikuwa habari yetu. Fonisti akikutukana, jua kwenu ni wazima. Akikuita "mama yangu" kwa sauti ya chini, wanawake wa pembeni yako walikuwa wameshasimama kukushika kabla hajamaliza. Hakuna aliyetufundisha hayo, tuliyajifunza kwenye benchi. Mwanamke alitoka pale ametukanwa anacheka, anashuka Songo nzima anacheka.

Sasa nieleze jambo la pili, maana bila hilo utaniona mimi ni mwanamke wa fujo tu. Kwetu kifo hakitupwi usoni mwa mtu. Habari inapelekwa kwa mkubwa wa familia. Mkubwa anatafuta wenzake, wanakuja, wanakaa, wanaomba maji ya kunywa, wanaanza mbali: mtu wetu aliumwa, ugonjwa ukazidi, tulijaribu. Mwenyewe unaanza kuelewa kwa kuangalia miguu yao. Mwanamke mwenye mimba, yeye wanamchelewesha zaidi. Desturi hiyo sigombani nayo. Lakini ni desturi ya jioni moja, ya siku moja, basi siku mbili kama mtu yuko mbali. Ni muda wa kukusanya watu na kupanga viti.

Vita ilipoingia, foni ilileta vifo vingi na wakubwa wa familia wenyewe walikuwa wamekimbia, wengine Burundi, wengine juu milimani. Fonisti amwambie nani? Siku moja alimwambia mwanamke mmoja moja kwa moja, palepale dirishani, kwamba bwana yake ameuawa. Alikuwa na mimba kubwa. Alianguka mbele ya benchi. Mimi ndiye niliyeshika miguu yake tukimpeleka kwenye kituo cha afya, na mimba ile haikupona. Tangu siku hiyo mkono wa fonisti ulianza kutetemeka.

Halafu wenye bunduki. Kila kundi lililoshika mji lilianzia kwake. Walitaka kujua aliongea na nani, alisema nini juu yao, kwa nini alivua kofia, hiyo ni alama gani. Kesho yake kundi lingine, maswali yaleyale. Walimpiga makofi sikioni, sikio lilelile la kazi. Walimfanya akae nao mchana kutwa akiwapigia maadui zao ili wawatukane, halafu wakiondoka yeye anabaki na maadui. Tumbo lilimchoma, akawa anaishi kwa maziwa na mkate. Usingizi ulimkimbia. Bosi wake alikuwa ng'ambo, Bujumbura, anatuma salamu kwamba kibanda kisifungwe hata siku moja. Kwa hayo nilimhurumia na sitajifanya sikumhurumia.

Ndipo zikaja kaseti. Mzungu mmoja wa shirika, aliyekuwa anakuja kutuma habari zake, aliona ule mkono unavyotetemeka. Alipokuwa anahama alimwachia kisanduku cha kaseti na kijitabu cha Kifaransa. Fonisti alinisomea kijitabu hicho mwenyewe, amejaa furaha. Kaseti zilikuwa za watu wenye kazi ngumu, wenye stresi. Ukisikiliza unasikia mawimbi ya bahari, au mvua, au ndege. Lakini chini ya mawimbi kuna maneno yaliyosemwa kwa sauti ndogo sana, sikio haliyapati, roho inayapata. Wewe umetulia. Wewe unalala vizuri. Kazi haikushindi. Unasikiliza kila siku, na siku moja unakuta maneno yameshakuwa yako.

Hebu fikiria. Mtu anapigwa makofi kazini, na dawa anayopewa ni sauti ya maji. Na sisi tuko kando ya ziwa! Kama maji yangetuliza mtu, Uvira nzima ingekuwa imelala. Hakuna aliyemtafutia wa kumpokea kazi, hakuna aliyewaambia wenye bunduki wamwache. Walimpa maneno ya kumtuliza, na mbaya zaidi, maneno ambayo hayasikiki.

Yeye aliamini. Saa za mchana alifunga dirisha, akavaa vile vya masikioni, akafumba macho yote mawili. Aliniambia alijaribu kuyakamata yale maneno, yeye aliyeweza kutoa sauti ya mtu wa Kalemie katikati ya radi, na alishindwa. Kushindwa huko ndiko kulikomfanya aamini. Alisema aliyeyaficha ni fundi mkubwa. Mimi nikamwambia labda hayamo. Alikasirika kama zamani, akaniambia muuza ndagala atosheke na ndagala. Nilifurahi, nilidhani fonisti wetu bado yupo.

Hakuwepo tena. Kaseti zilimsaidia, sitakataa, niliona kwa macho yangu. Mkono ulitulia. Alianza kula ugali, akanenepa mashavu. Wenye bunduki walipiga kelele na yeye aliwaangalia kama mtu anayeangalia mvua kupitia dirishani. Lakini matusi yaliisha. Kila mtu akawa mama yangu, kila mtu baba yangu, kwa ile sauti ya chini, awe na habari ya mtoto aliyezaliwa au ya nyumba iliyoungua. Watu walimshukuru Mungu kwamba fonisti amepata adabu. Hakuna aliyeona kwamba sisi wa kwenye benchi tumepofushwa.

Baba watoto alikuwa analima muhogo na mpunga Nyakabere. Mimi nilikaa Uvira na watoto wawili, kwa sababu bondeni miaka ile hapakuwa mahali pa kulaza watoto. Nilikuwa na mimba ya tatu. Kila wiki alipanda baiskeli mpaka kituo chenye foni, akanitumia neno: muhogo umekauka, tafuta mtu mwenye gari, msalimie mtoto anayekohoa. Halafu wiki moja hakutuma neno. Nilipanda kwenye benchi. Wiki ya pili nikapanda tena.

"Bado, mama yangu," fonisti aliniambia. "Minye iko nauliza, minye mwenyewe."

Sikutetemeka. Kwa nini nitetemeke? Kila mtu sasa alikuwa "mama yangu" kwake. Aliniuliza kama nalala. Nilisema silali. Akavuta mtoto wa meza, akatoa kaseti isiyo na karatasi, akanipa.

"Sikiliza hii ukichagua ndagala zako, kila siku. Usitafute maneno. Acha yaingie yenyewe."

Nilifika nyumbani nikaiweka kwenye redio. Ilikuwa mawimbi. Lakini hayakuwa mawimbi ya bahari ya Wazungu, mimi mawimbi yale nayajua, yalikuwa ya Kalundu, bandarini kwetu. Unasikia mtumbwi ukigonga mtumbwi mwenzake, ko, ko, halafu maji yanarudi. Nilipomuuliza alisema ameyachukua mwenyewe ufukweni na redio yake, kwa sababu maji ya ugenini hayatufai sisi, akaweka na maneno ya kutuliza humo chini kama kijitabu kinavyofundisha. Nilicheka. Niliona ni mtu anayenijali. Kila asubuhi nilitandika mkeka uani, nikamwaga ndagala, nikatoa mchanga na vijiti, na yale mawimbi yakilia pembeni. Watoto waliyazoea. Hata nilimpelekea fonisti ndagala za kushukuru, zile nzuri, zilizokauka siku moja kwa jua kali.

Nilizaa mtoto wa kike. Siku ya kwanza niliyoweza kupanda mlima nilipanda naye mgongoni mpaka kwenye foni, nikasema nataka baba yake ajue. Fonisti alimwangalia mtoto sana. Akavua kofia. Akashika kile kidude, akabonyeza, akasema kwa sauti ya wazi mbele yangu: Nyakabere, Nyakabere, mke wa fulani amezaa mtoto wa kike, mama na mtoto wote ni wazima. Akafumba jicho la kushoto, kama anasikiliza. Halafu akaniambia wamepokea.

Foni ile ilikuwa imezimwa. Nilikuja kujua baadaye. Alikaa pale akaongea na mbao, akafumba jicho kusikiliza mbao, na mimi na mtoto wangu tumesimama dirishani tumejaa furaha. Makosa mengine yote naweza kuyaweka pembeni nikayazungushia maneno mazuri. Hili siliwezi.

Mtoto alipoanza kukaza shingo, walikuja. Shemeji yangu mkubwa, kaka wa marehemu, anayeishi Kalundu, na wazee wawili wa parokia, na fonisti nyuma yao amevaa shati safi. Waliomba maji. Niliangalia miguu yao nikajua. Shemeji alianza mbali, alipofika mwisho nilikuwa nimeinamisha kichwa naangalia mkeka. Sikulia. Wanawake wa jirani walisimama wanishike, na hapakuwa na mtu wa kushika. Nilikaa tu. Nilisikia kitu kama uchovu, kama mtu aliyebeba gunia akafika.

Ndipo fonisti akaongea. Alikuwa na furaha, Mungu wangu, furaha ya fundi ambaye kazi yake imekubali. Aliwageukia wazee akawaambia waone, dawa imeingia. Halafu akanigeukia mimi.

"Weye ulikuwa unajua, mama yangu. Minye nilikuambia kila siku, ndani ya ile kaseti. Bwana yako amekufa, weye utasimama. Bwana yako amekufa, weye utasimama. Sasa unaona, umesimama."

Nilimwangalia shemeji. Shemeji aliangalia chini. Hapo nikaelewa kwamba wote wawili walijua tangu mwanzo. Habari ilifika kwenye foni wiki ileile ya kwanza: baba watoto alipigwa risasi shambani, na majirani wakamzika palepale haraka kabla hawajakimbia. Fonisti alifanya kama desturi inavyotaka, alimpelekea mkubwa wa familia. Mkubwa alisema mwanamke ana mimba, tungoje. Na fonisti, ambaye hakuwa amemsahau yule mwanamke aliyeanguka mbele ya benchi, akasema ana njia. Atanibikia kifo, atanipasha habari yake kidogo kidogo, kwa sikio ambalo halisikii, ili siku ya kuambiwa nisianguke. Wanaume wawili walikaa wakapanga hivyo, wakaona wamefanya jambo la akili.

Sasa sikiliza kinachoniunguza. Wiki ile ya kwanza barabara ya bondeni ilikuwa imefunguka. Watu walikwenda Nyakabere kwa baiskeli, wakachimba muhogo wao, wakarudi. Jirani yangu mwenyewe alikwenda. Kama ningeambiwa ningekwenda, na mimba yangu, kwa miguu kama ingebidi. Ningewakuta waliomzika. Wangenionyesha ni hapa, na mimi ningeweka jiwe, au ningepanda kitu. Barabara ikafungwa tena, mvua ikanyesha msimu mzima, waliomzika wakavuka mto Ruzizi wakaingia Burundi na hawakurudi. Mimi nilipofika nilikuta shamba lote limeota nyasi zinazonizidi urefu. Nilikata nyasi kwa panga mpaka jua likazama. Nikalala kijijini, nikarudi nikakata tena. Sikupata tuta, sikupata kitu. Baba wa watoto wangu yuko mahali fulani ndani ya shamba ambalo tulilima wote wawili, na sijui nikanyage wapi.

Mama mkwe alisikia kwamba sikulia. Alisema mwanamke asiyelia alikuwa anajua, na aliyejua kabla alijuaje? Nilijaribu kumweleza habari ya kaseti. Ukijaribu wewe kumweleza mama mzee wa kijijini kwamba kifo cha mwanawe kilifichwa chini ya mawimbi ya Kalundu, utaona atakavyokuangalia. Alikufa bila kunisemesha tena.

Na hata mimi sijui. Hilo ndilo fonisti aliloniachia. Sikulia kwa sababu nilikuwa nimechoka kungoja? Au kwa sababu kweli yale maneno yaliingia, kila asubuhi, pamoja na mchanga wa ndagala, yakanikausha machozi kabla sijajua ni ya nini? Nilibandika sikio kwenye redio nikasikiliza kaseti yote, upande huu na upande ule. Nilisikia maji na mitumbwi. Machozi yalikuwa yangu, ya kumlilia bwana yangu siku yake, na mtu aliyachota bila kubisha hodi.

Nilipanda kwake mara moja tu kumwambia. Nilisema yote, benchi zima linasikiliza, nilimtukana kama alivyokuwa anatutukana sisi zamani. Yeye alitulia. Alitulia kabisa, na kaseti zake, na mashavu yake. Nilipomaliza alisema maneno machache.

"Ulizaa muzima. Mutoto ni ule ku mugongo yako."

Mtoto alikuwa kweli mgongoni, amelala. Sina jibu mpaka leo, na ndiyo maana neno lile nalichukia. Nilirudi nyumbani nikaitoa utepe kaseti ile, nikauvuta wote, nikaufunga kwenye miti juu ya ndagala zangu ufukweni kama wenye mpunga wanavyofanya mashambani. Upepo ukipita utepe unavuma na ndege wanaogopa. Hiyo ndiyo kazi pekee ambayo kaseti ile ilinifanyia vizuri.

Miaka ikapita, vita ikaenda ikarudi kwa majina mengine. Simu za mkononi zikafika, foni ikanyamaza, waya ukaanikiwa nguo. Fonisti akazeeka, na masikio yale yakafa, sikio la makofi likatangulia. Alikaa kwenye ua wa mwanawe, kijana anayebeba watu kwa pikipiki. Nilipita pale mara nyingi bila kusalimia. Kijana, yeye nilimpa kazi. Sikuona sababu ya kumnyima kwa ajili ya baba yake, akawa ndiye anayenipandishia magunia ya ndagala kutoka Kalundu, kijana wa heshima, mcheshi, aliyeimba njiani.

Asubuhi moja nilimngoja na magunia yangu hakuja. Walikuja wenzake wa pikipiki, wawili, wanatembea kwa miguu. Niliangalia miguu yao. Lori lilimgonga kwenye barabara ya Kiliba. Mwili ulikuwa hospitali.

Niliacha magunia pale pale nikapanda Songo. Nilikuta wazee wa mtaa wamesimama nje ya ua, wananong'ona. Walikuwa wameshapanga. Mzee ni dhaifu, moyo wake si mzuri, wamwambie kijana ameumia kidogo, amepelekwa Bukavu kwa matibabu. Mazishi yafanyike kesho kimya kimya. Halafu watamwandaa, polepole, mwezi huu, mwezi ujao. Mmoja aliniambia mimi nikae mbali, ninajulikana kwa mdomo. Nilimsogeza kwa bega nikapita.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, kofia imewekwa juu ya goti. Aliponiona alishangaa, halafu akaangalia watu waliokuwa mlangoni nyuma yangu. Ni mtu aliyeleta habari maisha yake yote, alijua watu wakisimama vile wamebeba nini. Nilipiga magoti nikasogeza mdomo kwenye sikio lake lililobaki, nikasema kwa nguvu, mpaka barabarani walisikia.

"Mutoto yako amekufa. Pikipiki, ku barabara ya Kiliba. Iko ku hospitali. Hatujamuzika bado."

Aliangalia mdomo wangu. Nilirudia yote, kwa nguvu ileile, sikupunguza neno. Mzee mmoja nyuma yangu alinitukana.

"Lini?" aliuliza.

"Leo. Leo asubuhi."

"Leo," alisema. Mkono ulianza kutetemeka, ule wa zamani, kofia ikaanguka chini. Halafu akalia. Alilia kwa sauti ya mtu asiyejisikia mwenyewe, sauti kubwa isiyo na mpango, na watu wakatoka kwenye nyumba zao. Hakuna aliyemwambia atulie, mimi nilikuwa nimewatolea macho. Alipoweza kuongea aliomba viatu. Nilimvalisha mimi, wa kulia halafu wa kushoto, na kamba nikafunga. Sikufanya hivyo kwa kumsamehe. Nilitaka afike.

Alifika. Alimwona mwanawe, alimshika uso. Kesho yake alisimama ukingoni mwa shimo, akatupa udongo wa kwanza kwa mkono wake, akakataa kukaa kwenye kiti walichomletea. Watu walipoanza kuondoka alibaki anaweka mawe pembeni ya tuta, moja moja, mpaka mvua ilipotishia. Tulishuka pamoja, ameshika bega langu. Njiani alisimama mara nyingi akageuka kuangalia kaburi liko wapi, karibu na mti gani, ili asilipoteze. Kila akisimama nilisimama naye nikamngoja. Mimi sikugeuka. Nilikuwa nimeangalia upande wa Nyakabere, na kule sijui niangalie wapi.